Jinsi ya Kuchagua Sufuria ya Kuchemshia Bia Nyumbani

Karibu kila anayeanza kutengeneza bia nyumbani huniuliza swali lilelile: ninunue sufuria ya chuma cha pua au ya alumini? Swali hilo si baya, ila linaanzia katikati. Kabla ya kuuliza sufuria ni ya madini gani, inakupasa ujue unataka lita ngapi za bia na jiko lako lina moto kiasi gani. Mtu aliyekwisha kupata majibu ya hayo mawili huona kwamba sufuria zinazomfaa dukani ni mbili au tatu tu, na hapo uchaguzi wa madini huwa jambo jepesi.

Ninayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kwa kukosea. Nilitaka lita 20 za bia, basi nikanunua sufuria ya lita 20. Siku ya kwanza, maji ya kimea yalipokaribia kuchemka, povu lilipanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, likavuka ukingo, likazima moto wa gesi, na kwa siku mbili nilikuwa nikikwangua sukari iliyoungua katika matundu ya jiko huku sisimizi wakinipokeza kazi. Bia niliyopata haikufika hata lita 13.

Mambo ya kuwa nayo kabla ya kwenda dukani

- Kiasi cha bia unachotaka kupata kwa mkupuo mmoja. Wanaoanza wengi hutengeneza lita 10 au lita 20.
- Njia utakayotumia: kimea kilichokwisha kukamuliwa na kuuzwa kama sharubati nzito au unga, au nafaka ya kimea yenyewe utakayoiloweka katika maji moto ndani ya mfuko wa kitambaa.
- Futi ya fundi cherehani au tepu ya kupimia, sumaku ndogo, na kalamu.
- Ndoo ya lita 10 yenye alama za lita unazoziamini.
- Saa.
- Uhakika wa kisheria. Marekani iliruhusu utengenezaji wa bia ya matumizi ya nyumbani kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1978, lakini Kenya, kwa Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, hudai leseni kwa anayetengeneza vileo. Uliza kwanza hali ilivyo mahali unapoishi, kwa kuwa sufuria kubwa haifichiki.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya lita kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Anza na bia unayotaka kuiona kwenye ndoo ya kuchachushia, kisha ongeza kila kitu kitakachopotea njiani. Tuchukue lita 20. Mashapo ya hopsi (maua makavu yanayoitia bia uchungu na harufu) na utando wa protini utakaobaki chini ya sufuria huchukua takriban lita 2. Saa moja ya kuchemsha bila mfuniko, katika sufuria yenye upana wa sentimita 36 hadi 40 na moto mzuri, huondoa lita 3 hadi 4 kwa mvuke. Maji yanayochemka pia hujaa zaidi kuliko yaliyopoa, na tofauti hiyo ni kama asilimia 4, yaani karibu lita 1. Ukijumlisha, unahitaji kuanza na lita 26 au 27.

Sasa acha nafasi ya povu. Robo ya ziada ndiyo kiwango cha chini ninachokikubali, kwa hiyo lita 27 zinadai sufuria ya lita 35. Kwa lita 10 za bia, utaanza na lita 14 hivi, na sufuria ya lita 18 hadi 20 itakutosha. Zingatia kwamba mvuke haupungui nusu kwa sababu bia imepungua nusu. Mvuke hutegemea upana wa sufuria na ukali wa moto, wala haujali kuna lita ngapi chini yake.

Ikiwa utaloweka nafaka ndani ya sufuria hiyohiyo kwa mfuko, ongeza tena. Kilo 5 za kimea hunywa takriban lita 3 za maji ambazo hutazirudisha hata ukiukamua mfuko, na nafaka yenyewe inapokuwa ndani huchukua nafasi ya lita 3 na zaidi. Hapo maji na nafaka vitafika lita 33 au 34 kabla hujawaza habari ya povu, na sufuria ya lita 40 ndiyo inayofaa.

*Tahadhari:* Usiamini namba iliyogongwa kwenye kitako wala neno la muuzaji. Sufuria za sokoni huuzwa kwa namba za saizi, na namba hizo si lita. Utapima mwenyewe katika hatua ya 4.

Hatua ya 2: Pima moto wa jiko lako

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nayo ndiyo inayoamua zaidi. Weka lita 10 za maji ya bomba katika sufuria uliyo nayo sasa, funika, washa moto wote, na uangalie saa hadi maji yabubujike.

Yakichemka ndani ya dakika 30, lita 27 zitachukua dakika 80 au zaidi kwenye jiko hilohilo. Ni muda mrefu lakini unavumilika. Yakizidi dakika 40, usinunue sufuria ya lita 35 kwa ajili ya jiko hilo: litapasha maji kwa karibu saa mbili, na ukiondoa mfuniko yatatokota pembeni tu bila kububujika. Bia inadai mbubujiko wa kweli, unaoupindua uso wa maji muda wote, kwa sababu ndio unaoufukuza ule mvuke wenye harufu ya mahindi au kabichi iliyopikwa na kuutoa uchungu wa hopsi.

Anayejikuta na jiko dhaifu ana njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayomshauri mtu wa kuanza, ni kutengeneza lita 10 katika sufuria ya lita 20. Ya pili ni kuchagua sufuria pana inayoweza kukalia ndimi mbili za jiko kwa pamoja. Ya tatu ni kununua jiko la gesi la aina itumiwayo na mama lishe na wapishi wa shughuli, lenye kichomeo kikubwa na miguu mizito, na kulitumia nje ya nyumba.

Mkaa na kuni vinaweza kazi hii, na watengenezaji wa mbege kule Kilimanjaro wamechemsha ndizi juu ya kuni tangu zamani bila kumsubiri mtu awauzie gesi. Tatizo la mkaa ni kwamba haupunguziki haraka povu linapopanda, na tatizo la kuni ni moshi, ambao huingia kwenye sufuria isiyofunikwa. Ukitumia mafiga, hakikisha yote matatu yanagusa kitako sawasawa, kwa kuwa sufuria ya chuma cha pua yenye lita 27 ndani yake hufikia kilo 35 au zaidi. Na kamwe usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake huua bila harufu.

Mwenye jiko la umeme la sumaku, yaani lile linalopasha chombo bila koili kuwa nyekundu, ajue kwamba sufuria ya alumini tupu haipati moto juu yake. Atahitaji kitako kinachonasa sumaku.

Hatua ya 3: Chagua madini

Sasa tumefika kwenye swali lako la kwanza. Jibu langu fupi ni kwamba zote mbili hutengeneza bia nzuri, na bei ndiyo itakayokuamulia.

Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma cha pua, ni nyepesi, na hupatikana kila soko la Afrika Mashariki kwa bei ambayo haiumizi. Madai kwamba huitia bia ladha ya madini yana ukweli tu kwa sufuria mpya inayong'aa au iliyosuguliwa kwa steelwire. Utando wa kijivu unaojitengeneza juu ya alumini ndio unaoikinga, na maji ya kimea hayana ukali wa kuuondoa. Kosa ni kuiosha kwa magadi makali ya kuzibulia mabomba, kwa kuwa hayo huila alumini papo hapo huku yakitoa mapovu na mvuke.

Hapa nina onyo ambalo si la kupuuzwa. Ziko sufuria za alumini zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila namna, vikiwemo vipuri vya injini, na kumiminwa katika kalibu za mchanga. Sufuria za aina hiyo zimepimwa katika nchi kadhaa na kukutwa zikitoa madini ya risasi kwenye chakula. Utazitambua kwa ukuta mnene usio sawa, vitundu vidogo, na uso wenye chembechembe kama wa mchanga. Usizitumie kwa bia wala kwa wali. Chagua sufuria iliyokandamizwa kutoka bamba, yenye ukuta laini na unene mmoja.

Chuma cha pua hudumu miaka mingi, huvumilia sabuni karibu zote, na hukubali kuchomelewa koki. Daraja linalotakiwa ni 304, ambalo pia huandikwa 18/8. Sumaku yako itakusaidia nusu tu: ikinasa kwa nguvu ukutani, chuma hicho si 304. Ikikataa, bado hujathibitisha, maana daraja la 201, ambalo ni la bei nafuu na hushika kutu mapema, nalo halinasi. Tafuta namba iliyogongwa, na pale isipokuwepo, lipa bei ya 201. Kunasa kidogo kwenye mkunjo wa ukingo hakuna neno, kwani chuma kilichokunjwa hubadilika tabia kidogo mahali hapo.

Enameli ni nzuri hadi siku inapobanduka. Kipande kikiondoka, chuma cha ndani huanza kushika kutu na bia huwa na ladha ya damu. Mapipa yaliyowahi kubeba mafuta au kemikali hayana mjadala, yaache. Na kegi ya bia, yaani pipa dogo la chuma cha pua, ingawa hutoa sufuria bora ikikatwa juu, mara nyingi ni mali ya kiwanda hata kama umeikuta kwa muuza vyuma chakavu.

Hatua ya 4: Pima umbo na unene

Chukua tepu, pima upana wa ndani na kimo cha ndani kwa sentimita. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa kimo, kisha kwa 0.785, halafu ugawanye kwa 1,000. Utapata lita. Sufuria ya sentimita 36 kwa 36 ina lita 36 na nusu. Ya 32 kwa 32 ina karibu 26. Ya 40 kwa 40 ina 50.

Umbo zuri ni lile ambalo kimo kinalingana na upana au kuuzidi kidogo. Sufuria za pilau, pana na fupi, hupoteza maji mengi kwa mvuke na huacha nafasi ndogo ya povu. Iliyo ndefu kama mrija nayo huchelewa kuchemka sawasawa kwenye jiko dogo.

Kwa alumini, unene wa milimita 3 unapendeza. Kwa chuma cha pua, ukuta wa milimita 1 unatosha, lakini kitako kiwe cha tabaka, yaani chenye bamba la alumini lililofungiwa katikati ya chuma. Kibonyeze kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi kwa mlio wa debe, sharubati ya kimea itaungulia hapo.

Hatua ya 5: Angalia mikono kabla ya koki

Sufuria yetu ya kawaida haina mikono. Ina ukingo mpana tu, nasi huishika kwa vitambaa viwili. Kwa lita 5 za maharage hilo halina shida. Kwa lita 25 za maji ya kimea yanayochemka, ambayo yana sukari na hung'ang'ania ngozi, ni hatari kubwa. Chagua yenye mikono miwili iliyofungwa kwa ribiti nene au kuchomelewa, au mpe fundi aifunge kabla hujaipeleka jikoni. Pamoja na hayo, panga kazi yako ili sufuria iliyojaa isibebwe kabisa ikiwa na moto: ipozee palepale ilipochemkia.

Hapo ndipo koki inapopata maana yake. Kwa lita 10 huihitaji, kwa sababu unaweza kupoza sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, kisha ukamimina. Kuanzia lita 20, koki ya nusu inchi iliyofungwa sentimita 3 hivi juu ya kitako itakuokoa mgongo, na mashapo yatabaki chini yake. Koki ya nusu inchi ya mafundi bomba huingia katika tundu la milimita 21 au 22. Toboa polepole kwa biti yenye ngazi, ukitia tone la mafuta, lainisha kingo kwa tupa, na uweke mpira wa silikoni ndani na nje. Mpira mweusi wa kawaida hutoa harufu ukipata moto. Kuhusu koki yenyewe, ningependa iwe ya chuma cha pua, kwa kuwa shaba ya njano ya mabomba mara nyingi huwa na risasi kidogo.

Vipimajoto vya kufungwa ukutani na vioo vya kuonyesha lita ni mapambo kwa mtu wa kuanza. Kila tundu ni mahali pa kuvuja na pa kujificha uchafu.

Hatua ya 6: Ikague dukani

Iweke juu ya sakafu tambarare uone kama inayumba. Iinue kuelekea mwanga, uchungulie ndani kutafuta nukta za mwanga. Pitisha kidole kwenye maungio yote. Penye mkwaruzo patabaki mabaki ya kimea. Jaribu mfuniko, ingawa kazi yake ni wakati wa kupasha na kupoza tu.

Hatua ya 7: Iandae kabla ya bia ya kwanza

Ioshe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, mara mbili, kwa sababu sufuria mpya hutoka kiwandani na mafuta. Ile ya alumini ijaze maji hadi karibu na ukingo, uyachemshe kwa nusu saa hadi saa moja mpaka ndani kufifie na kuwa kijivu. Usiusugue utando huo tena.

Kisha tengeneza kipimo. Chukua mwiko mrefu wa mbao, mimina lita moja moja au mbili mbili, na uuchore kila maji yanapofika. Katika sufuria yenye upana wa sentimita 36, kila sentimita ya kina ni takriban lita moja, jambo linalofanya hesabu kuwa tamu sana. Hatimaye weka lita 20, chemsha saa moja bila mfuniko, acha yapoe, na upime yaliyobaki. Tofauti hiyo ndiyo mvuke wa sufuria yako kwenye jiko lako, nawe utaitumia badala ya zile lita 3 hadi 4 nilizokukadiria.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Povu linapanda ghafla.* Punguza moto, koroga, na nyunyiza maji baridi juu ya povu. Hatari kubwa iko katika dakika za kwanza za kuchemka na kila unapotia hopsi, kwa hiyo usiondoke wakati huo hata simu ikilia.

*Kitako kimeungua.* Mara nyingi sharubati ilitiwa moto ukiwa unawaka ikatua chini. Zima moto, itie huku ukikoroga mpaka iyeyuke yote, kisha washa tena. Ili kutoa ukoko wa kuungua, chemsha maji na vijiko kadhaa vya baking soda kwa dakika 15, uache usiku kucha, na utumie sifongo. Steelwire huacha vipande vya chuma vinavyogeuka kutu.

*Vimetokea vidoa vya kutu kwenye chuma cha pua.* Visugue kwa limau au siki, suuza, na ukaushe. Kama uliloweka sufuria kwa jiki, acha desturi hiyo. Klorini hutoboa chuma cha pua, na chombo kinachochemshwa saa nzima hakihitaji dawa ya vijidudu.

*Koki inavuja.* Kaza nati sufuria ikiwa imepoa. Ikiendelea, fungua, angalia kama kingo za tundu zimeukata mpira, na zungushia utepe mweupe wa mafundi bomba kwenye uzi wa koki.

*Maji yamegoma kufika kwenye chemko.* Funika nusu hadi yachemke, kinga jiko na upepo, na hakikisha mtungi wa gesi haujapoa ukafanya umande, maana mtungi ulio baridi na karibu mtupu hutoa moto dhaifu. Yakikataa kabisa, gawa maji katika sufuria mbili kwa siku hiyo.

*Yanabubujika vizuri lakini kipimajoto kinasoma nyuzi 95.* Ikiwa uko Arusha, penye mwinuko wa karibu mita 1,400, sufuria haina kosa wala kipimajoto hakina kosa. Hapo ndipo maji yanapochemkia. Nairobi, iliyo juu zaidi, husoma chini kidogo ya hapo, na Dar es Salaam husoma 100. Hopsi hutoa uchungu wake polepole zaidi kwa nyuzi hizo, kwa hiyo ongeza hopsi kidogo au dakika chache, na uache moto ulivyo.